wpa_supplicant au iwd: ipi ya kutegemea kerneli ya Linux inapobadilika

Programu mbili zinazosimamia usalama wa Wi-Fi kwenye Linux hufanana sana siku ambayo mambo yanakwenda sawa. Unachagua mtandao, unaandika nywila, unaunganishwa, na huna sababu ya kujua ni ipi kati yao iliyofanya kazi hiyo. Tofauti hujitokeza kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya kompyuta, inapopandishwa toleo na kompyuta kuwashwa upya, kisha mtandao uliokuwa ukifunguka bila shida unabaki kuonekana tu kwenye orodha, mawimbi yakiwa na nguvu ya kutosha na nywila ikiwa ileile, lakini kila jaribio la kuunganisha linakatika njiani. Tathmini hii inazipima wpa_supplicant na iwd kwa kigezo hicho kimoja: kila moja huathirika kiasi gani kerneli iliyo chini yake inapobadilika, na humsaidia vipi msimamizi wa mashine kujua kilichoharibika.

Hukumu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Kwa mashine inayotegemewa kazini, hasa inayoingia kwenye mitandao ya taasisi kwa vyeti vya kidijitali, wpa_supplicant bado ndiyo chaguo la busara, kwa sababu mabadiliko ya kerneli huigusa kidogo. Lakini kwa kueleza kinachokosekana, iwd inamzidi mkongwe huyo, na inamzidi kwa mbali.

Ukongwe wenyewe si wa kubeza. Jouni Malinen alianza kuiandika wpa_supplicant mwaka 2003, mwaka uleule WPA, kanuni ya kulinda Wi-Fi, ilipoletwa kuziba mapengo ya WEP iliyoitangulia, na tangu hapo imekuwa ndiyo programu ambayo distro nyingi (mikusanyo ya Linux iliyofungashwa tayari) huisakinisha bila kumuuliza mtumiaji. Imepitia WPA2, imepitia mashambulizi ya KRACK dhidi ya WPA2 yaliyotangazwa Oktoba 2017, na imeipokea WPA3. Kwa upande wake, iwd ilianzishwa na wahandisi wa Intel na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2019, ikiwa na lengo la kufanya kazi ileile kwa msimbo mchache zaidi na bila kutegemea maktaba nyingi za nje. Lengo hilo la pili ndilo linalozaa karibu kila tofauti nitakayoieleza hapa.

Ili kuona sababu, ni lazima kwanza kujua nani anafanya nini. Draiva ya kadi ya Wi-Fi (programu inayoiendesha kadi), pamoja na sehemu za kerneli ziitwazo cfg80211 na mac80211, ndizo zinazoshughulika na kadi yenyewe, na ndizo zinazosimba kila pakiti, ama zenyewe ama kwa kuikabidhi kadi kazi hiyo. Kuthibitisha nywila, kukagua cheti cha seva na kukamilisha mapatano ya hatua nne yanayozalisha funguo za kikao ni kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na programu iliyo nje ya kerneli, ingawa zipo kadi zinazoyafanya mapatano hayo ndani ya programu dhibiti yao (firmware). Mapatano yakikamilika, programu hiyo huzishusha funguo hadi kwenye kerneli kupitia njia iitwayo nl80211. Kwa hiyo tatizo la usalama baada ya kusasisha linaweza kuwa juu, chini, au kwenye mpaka wa pande hizo mbili, na mtumiaji wa kawaida ataona dalili moja tu, nayo ni kukosa mtandao.

Hesabu za usimbaji ndipo njia za programu hizi mbili zinapoachana kabisa. Kwa kawaida wpa_supplicant huzitoa katika maktaba kama OpenSSL, ambayo haina uhusiano na kerneli. iwd huiomba kerneli yenyewe izifanye, kupitia milango miwili ambayo kerneli huwafungulia watumiaji wake, AF_ALG na keyctl. Uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa hakuna haja ya kuibeba maktaba kubwa wakati kerneli tayari inajua kanuni za hesabu hizo, kama AES na SHA. Gharama yake ni kwamba kila anayegusa usimbaji ndani ya kerneli anaigusa iwd, hata kama hajawahi kuisikia.

Kerneli 6.7, iliyotoka Januari 2024, ilitoa mfano ambao hauhitaji maelezo mengi. Watunzaji wa sehemu ya usimbaji walikuwa wameondoa uwezo wa kushughulikia saini za kidijitali zinazotumia SHA-1, kanuni ya zamani, hatua iliyoonekana ya kiusalama na isiyo na madhara, kwani SHA-1 imekuwa ikistaafishwa kila mahali kwa miaka mingi. iwd, kupitia maktaba yake ndogo iitwayo ELL, ilikuwa bado ikizihitaji saini hizo kwa uthibitishaji wa vyeti, hivyo watumiaji wakajikuta wamefungiwa nje ya mitandao ya taasisi ilhali mitandao ya nywila ya kawaida ikifanya kazi. Badiliko hilo lilifutwa Machi mwaka huohuo, na maelezo ya ufutaji yalisema wazi kwamba sababu ni kuharibika kwa iwd. Aliyekuwa akitumia wpa_supplicant kwenye kerneli ileile hakuguswa. Kwangu mimi tukio hili moja lina uzito kuliko majedwali yote ya kulinganisha kasi ya kuunganisha, ambayo ndiyo hoja inayopendwa na mashabiki wa iwd.

Haki inadai upande wa pili nao usemwe. OpenSSL 3.0 ilipotoka Septemba 2021, ilianza kukataa namna ya kizamani ya kujadili upya kikao cha TLS, itifaki inayolinda mazungumzo na seva, na katika mipangilio yake ya kawaida ikaacha kukubali TLS 1.0 na 1.1. Seva nyingi za uthibitishaji za taasisi zilikuwa bado zinaishi katika enzi hizo, na waliopandisha distro nzima kwa mpigo, kerneli na maktaba kwa pamoja, waliona wpa_supplicant ikikataliwa na mtandao ambao siku moja kabla ulikuwa mzima. Wengi waliilaumu kerneli, kwa kuwa ndiyo iliyobadilika kwa kishindo na ndiyo inayoonekana wakati wa kuwasha mashine, ilhali mkosaji alikuwa ameingia kimyakimya katika vifurushi vilevile. Ndiyo maana kipimo cha kwanza, kabla ya kugusa faili lolote la mipangilio, ni kuwasha mashine kwa kerneli ya zamani kutoka kwenye menyu ya GRUB, programu inayoupakia mfumo mashine inapowashwa. Mtandao ukirudi, tafuta chini, yaani kwenye kerneli, draiva na moduli (vipande vinavyopakiwa kwenye kerneli). Usiporudi, kerneli ina uwezekano mkubwa wa kuwa haina hatia, na ni vyema kuangalia orodha ya vifurushi vingine vilivyosasishwa siku hiyo.

Sasa tuangalie namna kila programu inavyozungumza mambo yanapoharibika. iwd inapoanza, huikagua kerneli kwanza, na ikikuta uwezo fulani wa usimbaji haupo, hukataa kuendelea na kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo majina kamili ya chaguo zinazokosekana, kwa mfano CONFIG_CRYPTO_USER_API_HASH au CONFIG_KEY_DH_OPERATIONS. Kwa mtu anayejijengea kerneli yake mwenyewe, au anayetumia kerneli iliyopunguzwa kwa ajili ya kifaa kidogo, hii ni huduma ambayo haina bei: badala ya kukisia, anapewa orodha ya vitu vya kuwasha, anajenga upya, anamaliza. Ningependa programu nyingi zaidi ziige tabia hii ya kukataa mapema kwa sababu iliyotajwa, badala ya kuanza kwa ujasiri na kuanguka baadaye.

wpa_supplicant haina ukaguzi wa namna hiyo, na ujumbe wake maarufu kuliko wote umewapotosha watu wengi. Ni ule unaosema kwamba mapatano ya hatua nne yameshindikana na kwamba huenda nywila si sahihi. Neno la msingi hapo ni huenda. Programu huandika ujumbe huo pale muunganisho unapokatika wakati mapatano bado yanaendelea, na haina njia ya kujua kama yamekatika kwa sababu ya nywila mbaya, au kwa sababu draiva mpya imepoteza ujumbe wa hatua ya tatu, au kwa sababu ruta imekataa aina ya ulinzi iliyoombwa. wpa_supplicant yenyewe ni mkweli kwa kiasi hicho. Kosa kubwa linafanywa na NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao iliyo juu yake, ambayo huitafsiri dalili hiyo kuwa suala la nywila, ikafungua dirisha la kuiomba upya, na mtumiaji akaanza kuandika herufi zilezile mara kwa mara akiamini vidole vyake vimemsaliti. Kwa kuwa ndilo dirisha ambalo watu wengi hukutana nalo, ninaliona kuwa udhaifu mkubwa kuliko wote katika mnyororo huu, ingawa si wa programu ninazozitathmini.

Dawa yake ni kulipita dirisha hilo na kuzungumza na wpa_supplicant moja kwa moja. Amri ya wpa_cli status huonyesha hali ya muunganisho, aina ya uthibitishaji iliyochaguliwa na usimbaji wa jozi (kati ya mashine na ruta) na wa kundi (kwa matangazo ya wote), mambo ambayo NetworkManager huyaficha. Ikianzishwa kwa chaguo la -dd, programu huandika kila hatua kwa undani kiasi kwamba mistari mia kadhaa kwa jaribio moja si ajabu. Undani huo ni neema kwa anayejua anachokitafuta na ni adhabu kwa asiyejua. Tahadhari moja inahitajika: chaguo la -K huruhusu funguo na nywila zenyewe kuandikwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo lisitumike kwa mazoea, na kumbukumbu zilizozalishwa nalo zisitumwe kwa mtu yeyote. iwd ina njia tofauti, ambayo naipenda zaidi. Huja na zana iitwayo iwmon, inayosikiliza mazungumzo kati ya programu na kerneli kwenye nl80211 na kuyaonyesha yakiwa yamefafanuliwa. Ukitaka kujua kama ufunguo ulishushwa kwenye kerneli na kerneli ikaukataa, jibu utaliona hapo kwa macho yako. Tena zana hiyo haibagui, kwani inaweza kusikiliza hata wakati wpa_supplicant ndiyo inayofanya kazi, na kwa sababu hiyo peke yake kifurushi cha iwd kinastahili kuwepo hata kwa asiyekusudia kukitumia kuunganisha.

Katika suala la WPA3, programu zote mbili zina kazi ngumu, na hapa kusasisha kerneli kunaweza kuleta tatizo kwa njia ya wema. Draiva mpya inaweza kutangaza uwezo ambao ile ya zamani haikuutangaza, kama vile SAE (namna ya WPA3 ya kuthibitisha nywila) au ulinzi wa fremu za usimamizi (ujumbe wa kuunganisha na kukata muunganisho), na programu iliyo juu, ikiuona uwezo huo, huanza kuutumia kwenye ruta inayotangaza WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Iwapo ruta au programu dhibiti ya kadi haiutekelezi vizuri, muunganisho uliokuwa ukitumia WPA2 kwa amani sasa unashindwa. Amri ya iw list huonyesha aina za usimbaji ambazo kadi inazikubali. Ikiwa CMAC, inayotumika kulinda fremu hizo, haimo, ulinzi wa kawaida wa fremu za usimamizi hautawezekana, na WPA3 nayo itakuwa imekwenda na maji, kwani inaulazimisha ulinzi huo.

Kwa wpa_supplicant, kila kipande cha uamuzi huu kina swichi yake, nyingi zikiwa za mtandao mmoja mmoja: key_mgmt huchagua aina ya uthibitishaji, ieee80211w huamua kama ulinzi wa fremu unakataliwa, unaruhusiwa au unalazimishwa, na sae_pwe huchagua namna SAE inavyokokotoa siri yake. iwd ina swichi chache zaidi, na nyingine ni za mashine nzima, si za mtandao mmoja, lakini baadhi zimelengwa kwa ustadi. Ipo inayozima SAE kwa draiva unayoitaja kwa jina, na ipo ControlPortOverNL80211, inayoamua kama ujumbe wa mapatano upite kwenye nl80211 au kwa njia ya zamani ya soketi. Draiva inapokuwa na hitilafu katika njia ile mpya, kubadilisha mstari huo mmoja hurudisha mtandao bila kupunguza usalama wowote. Kuzima ulinzi wa fremu, kwa upande mwingine, ni kipimo cha kutafutia ugonjwa tu. Ikithibitika kwamba ndio uliokuwa ukizuia, suluhisho ni kusasisha programu dhibiti au kurudi kwenye kerneli iliyokuwa ikifanya kazi, na ulinzi urudishwe.

Kuna hitilafu ambazo hakuna programu kati ya hizi mbili inayoweza kuziona, na hapo zote nazipa alama ya chini. Hutokea mapatano yakakamilika, hali ikaandikwa kuwa umeunganishwa, lakini mashine haipati anwani ya IP na hakuna pakiti inayorudi. Mara nyingine sababu ni kwamba kadi inasimba au kusimbua vibaya baada ya draiva kubadilika, hasa kwa ufunguo wa kundi unaotumiwa na matangazo ya wote. Draiva kadhaa zina chaguo la kuhamishia usimbaji kwenye kerneli badala ya kadi: iwlwifi hulipa jina la swcrypto, na ath9k huliita nohwcrypt. Ukipakia moduli upya kwa chaguo hilo na mtandao ukapona, umeshampata mkosaji, na taarifa ya hitilafu utakayoituma kwa watunzaji wa draiva itakuwa na uzito. wpa_supplicant na iwd zingeweza angalau kuonya pale ambapo muda umepita bila pakiti yoyote kupokewa baada ya mapatano. Hazifanyi hivyo.

Visa vya moduli kutokuwepo kabisa ni rahisi zaidi na havihitaji maneno mengi. Draiva zilizo nje ya kerneli, kama ile ya Broadcom iitwayo wl, hujengwa upya na zana iitwayo DKMS kwa kila kerneli, na amri ya dkms status huonyesha kama ujenzi ulifaulu. Penye Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu zilizotiwa saini, moduli isiyotiwa saini inayokubalika hukataliwa hata kama imejengwa sawasawa. Programu dhibiti isiyopatikana huonekana kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli. Katika hali zote hizi hakuna hata kiolesura cha Wi-Fi, na kuilaumu programu ya usalama ni kupoteza muda.

Onyo moja katika kumbukumbu za kerneli za miaka hii limezua hofu isiyo na msingi, nalo ni lile linalosema kwamba programu fulani inatumia Wireless Extensions, ambazo hazitafanya kazi kwenye vifaa vya Wi-Fi 7. Wireless Extensions ni njia ya zamani iliyotangulia nl80211, na mara nyingi anayetajwa katika onyo hilo ni programu nyingine kabisa, kama vile kivinjari kinachotaka kujua hali ya mtandao. Linapaswa kumshughulisha tu mtu mwenye hati za kuanzisha wpa_supplicant kwa chaguo la -Dwext, zilizoandikwa zamani na kusahauliwa. Kerneli iliyojengwa bila njia hiyo itaziangusha hati hizo, na tiba ni kuandika nl80211 mahali pake. iwd haikuwahi kuitumia njia hiyo, kama ambavyo haikuwahi kuikubali WEP. wpa_supplicant nayo, tangu toleo la 2.10 la Januari 2022, huijumuisha WEP pale tu anayeijenga anapoiomba wazi. Anayeona mtandao wake wa WEP umekufa baada ya kusasisha ajue kwamba mfumo umemtendea haki.

Kwa anayeamua kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, NetworkManager huhitaji mstari mmoja tu, wifi.backend=iwd, lakini kuna mambo mawili ambayo mwongozo wa haraka hauyasemi kwa msisitizo unaostahili. La kwanza ni kwamba programu hizi hazipaswi kuendeshwa pamoja kwenye kadi moja, kwani kila moja itakuwa ikivunja muunganisho wa mwenzake, na dalili zake zinafanana kabisa na draiva mbovu. Huduma ya wpa_supplicant izuiwe kwa systemctl mask, kwa sababu kuizima tu hakutoshi pale programu nyingine inapoiamsha kupitia D-Bus, njia ambayo programu huzungumziana. La pili linahusu majina. Kifurushi cha iwd kwa kawaida huja na faili linaloiagiza systemd, kisimamizi cha huduma za mfumo, iache jina ambalo kerneli imekipa kiolesura, hivyo kilichokuwa wlp3s0 kinakuwa wlan0. Mtandao utafanya kazi na mtumiaji hataona tofauti, lakini kanuni za ukuta wa moto zilizoandikwa kwa jina la wlp3s0 hazitalingana tena na kitu chochote, na mashine inaweza kubaki wazi kwenye Wi-Fi ilhali mwenye nayo anaamini amefunga kila mlango. Kabla ya kuwasha upya, pekua kanuni za nftables au iptables, ubadilishe jina popote linapotokea, kisha uhakikishe kwa ip link kwamba jina uliloliandika ndilo lililopo.